Kiti cha Gwakisa na Mkasi wa Mzee Fikirini

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na moja katika karakana ya chama chetu cha wakulima wa chai hapa Tukuyu, Mzee Fikirini Twalib anafunika cherehani yake. Alikuja kijana kutoka Tanga, akiilalamikia baridi. Bado anailalamikia. Ameoa hapa, amejenga mtaa wetu wa Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu, na Kinyakyusa chake kinawachekesha wakwe zake mpaka leo.

Kazi yake ni viti vya malori. Mvua yetu mnaijua: inapenya mlangoni, inaozesha sponji, springi zinashika kutu, na dereva anarudi kutoka Kisiba ameshika kiuno. Karibu kila gari tulilo nalo limepita mikononi mwake. Sisi wa stoo tulimpa uzi, na akiukataa hatukubishana naye.

Kinachomfanya ajulikane zaidi, hata hivyo, ni kufumua. Mshono ukipinda hauponi kwake, uwe wake au wa mwenzake. Asubuhi moja ya mkutano mkuu alipita ukumbini, akaona mshono wa kiti cha mwenyekiti umekwenda kombo. Wajumbe walipoingia, kiti kilikuwa matumbo nje, na mwenyekiti akaongoza kikao kizima akiwa kwenye benchi la walinzi.

Kitu kimoja tu hakukubali kukishona: mkanda wa usalama. Madereva wetu waliikata mikanda wakafungia mikungu ya ndizi, kisha wakamletea aunge. Aliwaambia ndizi ikianguka inaokotwa, wao je? Mkanda uliochakaa aliukatakata mwenyewe, asije mtu akaurudisha garini, halafu akaisumbua ofisi mpaka ununuliwe mpya.

Mwaka jana tulimpoteza Gwakisa, dereva wa miaka mingi wa lori letu kuukuu tunaloliita Bibi. Binti yake Atupele, mwenye leseni ya magari makubwa, akapewa lori hilo kwa majaribio. Safari ya kwanza tu alirudi machozi yakimlengalenga. Kiti kilikuwa kimebonyea kwa umbo la baba yake, mtu wa mwili hasa. Yeye alizama humo, usukani ukamfika kidevuni, na mkanda uliolika ukamkwaruza shingo. Msimamizi akasema kwa hali ile lori apewe mwingine.

Mzee Fikirini akaja na mkasi. Atupele akasimama mlangoni mwa kabini, akamzuia.

“Baba, naomba usikifumue. Hapo ndipo alipokaa.”

Sote tunajua mkono wa Mzee Fikirini hausubiri. Siku ile ulisubiri. Aliweka mkasi chini, akapanda upande wa pili, kwenye kiti cha abiria ambacho springi zake zilikuwa zimechomoza, akavumilia hapo. Walimzungumzia Gwakisa, wakacheka, wakalia kidogo, mpaka chai ya saa nne ikapoa. Kisha Atupele mwenyewe akauomba mkasi, akakata uzi wa kwanza.

Kiti kilijengwa upya kwa kimo chake. Sponji ngumu iliwekwa chini, egemeo likasogezwa mbele, na mkanda mpya ukapita begani badala ya shingoni. Kipande cha leza, ngozi ya kiti cha zamani, kilicholainishwa na mgongo wa Gwakisa, Mzee alikishona kwenye egemeo, pale bega linapotua. Atupele alifaulu majaribio. Ndiye dereva wa Bibi sasa, na hashiki kiuno.

Mzee wetu, umetukalisha vizuri miaka yote hii, nasi tunakupenda. Ndaga fijo, asante sana. Mungu akupe afya, wajukuu wa kukusumbua, na jua la kutosha hata katika mwezi huu wa Julai unaokuja.

Leo baada ya hafla hutatembea kwa miguu. Atupele atakufikisha Bagamoyo ndani ya Bibi, na utakaa kwenye kiti kile kile cha abiria. Springi hazitakuchoma tena. Amekitengeneza mwenyewe kila alipomaliza kazi, kwa sindano zako, bila kukwambia. Mkanda ni mpya wa dukani, hakuugusa, maana alikusikia.

Tuna ombi moja tu. Mshono wa upande wa mlangoni umepinda, na tunajua utauona kabla hujakaa. Tafadhali, Mzee, huo usiufumue.

Lilian, kwa niaba ya wenzako wa stoo na karakana