Homa Iliyorudi Saa Nne

Benchi letu liko mbele ya duka la fundi cherehani, ukutani kwa gereji. Kila asubuhi Mama Kahawa huja na birika lake, nasi hukaa pale kuirekebisha dunia ambayo haijatuomba. Jumatatu hiyo Fundi alikuwa amempakata bintiye wa miaka minne, sare imelowa kifuani, macho yamelegea. Saa nne mwalimu wa chekechea alikuwa amempigia simu: mtoto anachemka, tena ametapika viatuni.

— Viatu vya mtoto? aliuliza Spika, fundi redio mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

— Vya mwalimu.

— Afadhali.

Mama Kahawa hakucheka.

— Asubuhi alikuwaje?

— Alikuwa na homa, Fundi alikiri. Nikampa dawa ya maji saa kumi na mbili. Saa moja kapoa, anaimba. Nikampeleka.

— Baba, homa hukuitoa. Uliificha tu.

— Nina magauni sita ya harusi ya kesho! Mama yake yuko zamu mpaka jioni. Ningefanyaje?

Injini, mwenye gereji, alimtetea.

— Hajakosea. Gari likichemka, unaongeza maji, safari inaendelea.

— Ndiyo maana magari yakiingia kwako hayatoki, alisema Mama Kahawa.

Spika alikohoa kama anayefungua mkutano.

— Sikilizeni. Kamasi, aende shule. Kikohozi cha kuigiza, aende. Akikataa peremende, huyo mgonjwa kweli. Ila dawa yake ni ratiba! Darasa la kwanza waugue Januari, la pili Februari.

— Na chekechea?

— Hao mwaka mzima. Hawana nidhamu.

— Ratiba ya nini? Injini alidakia. Wafungiwe taa kwenye paji la uso. Kijani, shule. Nyekundu, nyumbani. Njano, kwa bibi yake.

— Bibi yake kakosa nini?

Tulicheka mpaka Fundi naye akatabasamu. Hapo akafika mama mmoja mgeni, ameshika suruali ya kubadilishwa zipu. Alimtazama mtoto, akamgusa shingo.

— Amekojoa mara ya mwisho lini?

Injini alimtazama Fundi.

— Tangu nimchukue, bado, Fundi alisema. Asubuhi... sijui. Nilikuwa naangalia saa.

— Maji amekunywa?

Kelele zote zile, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amempa funda moja.

— Zahanati, sasa hivi, alisema yule mama.

Injini alikimbilia gari la mteja. Fundi alimpigia bibi harusi, mtoto begani.

— Dada, magauni hayatawahi yote. Mwanangu anaumwa.

Simu ilifoka mpaka sisi tukaisikia. Fundi alisubiri ipumue.

— Una haki ya kukasirika, alisema, akafunga duka.

Zahanati mtoto alitundikiwa dripu mpaka alasiri. Jumatano aliamka amepoa bila dawa yoyote, anaruka kitandani. Benchini, Spika akamuuliza Fundi mbona hajampeleka shule.

— Kesho, alisema Fundi. Leo namtazama.

Akamsogezea mtoto kikombe cha maji, akamngoja amalize.