Kichupa cha Tatu cha Mwantumu

Ndugu, jamaa na majirani, assalaam aleykum. Marehemu Mwantumu binti Husseini alizaliwa Mbuchi tarehe 3 Mei 1974, akitanguliwa na kaka yake Twalibu, ndiye huyu anayewasomea karatasi hii, ambaye familia ilimsihi amwachie mtu mwingine kazi hii, akakataa.

Alihitimu darasa la saba hukohuko Mbuchi mwaka 1989, na mwaka 1996 akaolewa na Bwanaheri wa hapa Chumbi, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2019, wakajaaliwa watoto wawili, Safina na Zaidi. Kazi yake ilikuwa kulima mpunga, na kila msimu aliamia ndege na nguruwe juu ya dungu lake, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba, kwa sauti ambayo wenzake walilalamika kwamba inawakimbiza hata wao.

Februari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya titi, na Jumanne tarehe 10 Juni akafanyiwa upasuaji Dar es Salaam, ambako watafiti walimweleza kwamba askari wa mwili huitana kwa kemikali zilizomo kwenye damu, kwamba kisu huzishtua, nyingine zikapanda na nyingine zikashuka, nao walitaka kuzipima kwa vichupa vitatu, kabla ya upasuaji, kesho yake, na siku ya kumi na nne. Mwantumu alikubali palepale, akisema hayo ni mambo ya madungu, nguruwe akivunja upande mmoja wote hupiga kelele kule, na nyuma panabaki bila macho.

Tarehe 24 Juni alikwishajifunga kanga ya safari ya kwenda kutoa kichupa cha tatu, mwili una joto kidogo, Twalibu, aliyekuja kumuuguza, akamzuia, akisema damu waliyochota inatosha, na joto lile ni la kidonda kinachopona, na Mwantumu, ambaye hakuna aliyewahi kumnyamazisha, alinyamaza kwa kumheshimu kaka yake. Siku tatu baadaye homa ilimzidia, akavushwa daraja la Ndundu kurudishwa hospitali hajitambui, na Jumapili tarehe 29 akafariki, maambukizi yakiwa yameenea kwenye damu. Madaktari walisema kila anayekuja kutoa kichupa hupimwa joto kwanza, na joto lile wasingemwacha nalo aondoke.

Twalibu aliomba arudishiwe damu ya dada yake izikwe naye, muuguzi akamwonyesha fomu ambayo Mwantumu mwenyewe aliandika kwamba ibaki, iwasaidie wengine, na kando yake vichupa viwili vimejaa, cha tatu kina jina lake, hakina kitu. Twalibu alikosea, na anasema hivyo mbele yenu na mbele ya watoto wa dada yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Chumbi, na wakulima wenzake mlioliamia shamba lake tangu alipolazwa.

Pumzika sasa, Mwantumu, Mungu akupe amani, mwili wako uliita kwa joto lile, na kaka yako ndiye aliyekuwa karibu kuliko wote, hakusikia.