Miaka 37 ya Gitaa Lililogeuzwa: Kornelio Chilumba Anapumzika

Jumapili hii, tarehe 24 Novemba 2024, Mzee Kornelio Chilumba anashuka jukwaani katika Ukumbi wa Zambarau, Temeke, baada ya kupiga gitaa hapa kwa miaka thelathini na saba. Aliingia kijana mwenye nywele nyingi, anatoka babu wa wajukuu wanne. Katikati ni bluzi, zile nyimbo zake za taratibu zilizowafanya watu wa Kinondoni wavuke mji mzima kila Jumapili kuja Temeke, jambo ambalo watu wa Kinondoni hawalifanyi kwa sababu nyingine yoyote.

Hakuja hapa kupiga muziki. Alikuwa mchonga vinyago aliyetoka Newala kumfuata mjomba wake mjini. Mwaka 1987 shingo ya gitaa la solo la ukumbi ilipasuka, na marehemu Mzee Mwishehe, mwenye ukumbi, akaagiza fundi wa mbao. Kornelio akaiunga, ikakauka, kisha akataka kuhakikisha kazi yake imekaa sawa. Kwa kuwa ni mashoto, akaligeuza gitaa, nyuzi nene zikaenda chini na nyembamba zikaja juu. Ndivyo alivyojifunza utotoni kwa gitaa la katekista, maana hakuna aliyemwambia kuna namna nyingine. Wanamuziki wakaangua kicheko.

"Fundi, huyo si mbuzi wa kuchinja, mbona umemlaza hivyo?" akasema Bi Tabu, mwimbaji wetu.

"Nyie acheni kutazama," Mzee Mwishehe akawaambia. "Sikilizeni."

Wakasikiliza. Fundi hakurudi tena kwenye vinyago.

Wapiga magitaa wanajua maana ya kugeuza nyuzi. Wimbo hukaa kwenye nyuzi nyembamba, na wengine huupa vidole vyao vyepesi. Kornelio huupa dole gumba, na dole gumba la mchongaji lina uzito wake. Ndiyo maana gitaa lake halichekicheki, linasema. Mpigaji mmoja wa Kinondoni alikaa mbele ya jukwaa Jumapili tatu akivizia vidole hivyo, mwishowe akakiri: "Mzee, shikamoo. Mie naona kila unachofanya, lakini sielewi chochote." Kornelio akamjibu, "Marahaba. Kaa nyuma yangu, mwanangu, utaona vizuri."

Yupo mtangazaji mmoja aliyesema redioni kwamba bluzi ni muziki wa Wamarekani na watu wa Temeke waache kuiga. Alisema hayo, naambiwa, akiwa amevaa suti na tai katika joto la Januari. Tumjibu mara moja tumalize. Mtu aliyeacha mama yake Newala, akafika mji usiomjua, akafanya kazi mchana kutwa na jioni akaimba kwamba amechoka, hamwigi mtu yeyote. Uchovu wetu hatukuuagiza nje. Bluzi za Kornelio zina Kimakonde ndani yake, zina vumbi la Buguruni, zina kodi ya chumba. Asiyesikia hayo tatizo lake ni masikio.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi hawalijui. Kornelio hajawahi kumiliki gitaa. Vyombo vya bendi ni mali ya ukumbi, na Mzee Mwishehe alipiga marufuku chombo chochote kutoka getini tangu gitaa la besi lilipohamia bendi nyingine pamoja na mpigaji wake. Mpigaji alirudi, gitaa halijarudi hadi leo. Na Mama Noela, yaani Filomena, mkewe Kornelio, ni mwanakwaya asiyekanyaga baa. Kwa hiyo mke wa mpiga gitaa mashuhuri kuliko wote Temeke hajawahi kumsikia mumewe akipiga. Kila tulipomuuliza Kornelio atafanya nini akistaafu, jibu lilikuwa moja: "Nitakaa barazani kwangu Gongo la Mboto, nimpigie Mama Noela."

Apige kwa kitu gani? Kamati ya sherehe ilianza na wazo la saa ya ukutani, zawadi ambayo nchi hii inawapa watu wakiwa ndiyo kwanza wameachana na saa. Tulipogomba, kamati ikachangisha na kuagiza gitaa. Na kwa kumjali kabisa, ikaagiza gitaa maalumu la mashoto, bila kumuuliza mhusika.

Alikabidhiwa Jumanne mazoezini ili alizoee. Akalishika, akaligusa, na kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu akakosea wimbo wake mwenyewe. Akaanza upya. Akakosea tena palepale.

"Zuri sana, linang'aa," akasema. "Ila wanangu, hili limetengenezewa mashoto, nyuzi nene zimerudi juu. Mie nimeshazoea la kwenu."

Yeye ni fundi, angeweza kulichonga likubali nyuzi zake. Alisema hana moyo wa kutia patasi kwenye zawadi. Akaanza kulirudisha kwenye boksi lake taratibu, na hapo ndipo baadhi yetu tulipopandisha sauti, tukitaka aende nyumbani na lile la zamani. Sadallah, meneja wetu, akakumbusha kwamba sheria ni sheria. Tukamkumbusha kwamba ile iliwekwa dhidi ya waliokimbia na vyombo, si dhidi ya aliyekiponya chombo na kukaa nacho. Mambo yalikuwa yanaelekea kubaya alipoingia dada Najma, binti wa Mzee Mwishehe, ambaye siku hizi ndiye mwenye ukumbi.

"Baba alikataza ili bendi isibaki bila gitaa," akasema. "Sasa hili jipya si gitaa? Libaki. La zamani aende nalo mzee wangu."

"Na hili nani atalipiga, dada?" Sadallah akauliza.

"Si mtafute! Temeke nzima mashoto ni mmoja tu?"

Basi tunatangaza. Nafasi ya mpiga solo iko wazi, majaribio ni Jumamosi saa tisa alasiri. Mashoto njooni, na aliyewahi kuchapwa shuleni kwa kuandika kwa mkono huo aje mbele. Wa mkono wa kulia pia mnakaribishwa, mtaligeuza. Maisha yao yote mashoto wamegeuza vya wenzao. Zamu yenu imefika.

Mzee Kornelio, asante kwa Jumapili zote, kwa ndoa zilizopatana mbele ya jukwaa lako, na kwa kutuvumilia tuliokucheka siku ya kwanza. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na vidole visivyouma wakati wa baridi.

Na wewe Mama Noela, Jumatatu jioni weka kiti chako barazani. Ukimwona amelishika gitaa juu chini, usimsahihishe.