Mama Bisibisi na Injini Iliyokuwa na Joto

Miaka miwili iliyopita, Jumamosi moja asubuhi, niliwasha gari lisilo letu katika uwanja wa karakana hii, nikaliacha lingurume kwa dakika ishirini, kisha nikalizima na kurudisha ufunguo kwenye msumari wake. Sijawahi kumwambia mtu. Ninaanza na jambo hilo kwa sababu bila hilo wasifu huu ungekuwa na uongo katikati yake, na anayeagwa hapa hajawahi kutia sahihi chini ya uongo, isipokuwa mara moja, na mara hiyo ilikuwa kwa ajili yangu.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu Mama Bisibisi anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kukagua magari yaliyotumika. Mimi si mfanyakazi wa hapa. Mama yangu ndiye karani wa mapokezi, na siku za Jumamosi huja naye kusoma vitabu vyangu kwenye benchi la wateja. Nimepewa kazi hii kwa sababu msimamizi wa karakana alijaribu kuandika mwenyewe akapata nusu ukurasa, na robo tatu yake ilihusu oili.

Alianza kazi akiwa msichana wa kufagia stoo ya vipuri. Mafundi wa wakati huo walimtuma spana namba kumi na mbili, naye akaleta namba kumi na mbili pamoja na namba kumi na moja, akisema nati ile imeshalika, kumi na mbili itateleza. Iliteleza kweli. Mwaka uliofuata alikuwa chini ya magari. Baada ya miaka sita akapewa meza ya ukaguzi, na hajaiacha tangu hapo.

Jina lake la utani limetokana na bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao, ambayo huweka ncha yake kwenye injini na mpini kwenye sikio, akafumba macho. Wateja wapya hudhani anasali. Kumbe anasikiliza beringi.

Ana taratibu tatu ambazo hazivunji. Ya kwanza, hakagui injini yenye joto. Kabla ya kufanya chochote huweka kiganja juu ya boneti, kama mzazi anayempima mtoto homa, na akikuta joto hulirudisha gari kivulini hadi kesho yake. Anasema injini iliyokwisha kupata moto ina adabu za ugenini. Ukitaka kuijua tabia yake, ikute inaamka. Ya pili, huzima redio. Muuzaji mmoja alileta gari likiwa na muziki wa kutosha harusi mbili, akaombwa azime, na ukimya ulipoingia gurudumu la mbele likaanza kulalamika lenyewe. Ya tatu, gari linapojaribiwa barabarani yeye hukaa kiti cha nyuma. Wanunuzi wote hukaa mbele, husema, lakini watoto na wazee hukaa nyuma, na nyuma ndiko kunakosikika shokabzoba zilizokufa.

Kuhusu manukato ana maneno yake: "Gari likinukia kama bwana harusi, inua zulia." Mara nyingi chini ya zulia kuna maji.

Swali aliloulizwa kuliko yote ni moja. Nimelisikia kutoka kwenye benchi langu mara zisizohesabika. Mtu ana familia, anataka gari moja tu, na mbele yake yapo mawili: la zamani lililotunzwa na la juzi juzi linalong'aa. Lipi litamsumbua kidogo? Watu hupenda jibu la neno moja, naye hakuwahi kuwapa. Alikuwa akifungua daftari lake. Ndani yake ameandika kila gari la familia alilowahi kukagua, na chini ya kila moja ameacha mistari mitupu ya kuandika limerudi lini na kwa ugonjwa gani.

Nimeyasoma madaftari hayo, kwa ruhusa yake, kama wengine wanavyosoma hadithi. Magari ya zamani yanarudi mara nyingi zaidi, lakini kwa mambo madogo: mpira wa rejeta umepasuka, waya umelegea, kutu imekula sakafu. Yanaumwa kwa sauti, kila mtu anajua, na kipuri kinapatikana. Magari mapya yanarudi mara chache, ila yakirudi huja yakivutwa. Yanaumwa kimya kimya. Taa moja ndogo ya dashibodi imewaka wiki tatu, dereva ameizoea, mpaka injini inagoma. Kwa upande mwingine breki zake ni nzuri zaidi, na yana mifuko ya hewa ambayo la zamani halina, na Mama Bisibisi hakuwahi kuficha hilo. Mwalimu mmoja mwenye mtoto mchanga na safari ndefu za barabara kuu alikuja amependa gari la zamani, akaondoka na jipya. Alimwambia, "Wewe mwendo wako ni wa kasi, mwalimu. La zamani lina moyo mzuri, lakini likigonga halina cha kukukinga."

Kwa hiyo umri ulikuwa swali lake la tatu. La kwanza lilikuwa nani alilitunza. La pili, nani atapanda.

Sasa nirudi kwenye Jumamosi yangu.

Mama alikuwa anatafuta gari letu la kwanza. Bibi yangu ana magoti mabovu na kila wiki lazima afike kliniki. Tulikuwa tumemchosha kwa kumpandisha na kumshusha kwenye magari ya watu. Uwanjani yalikuwapo magari mawili yaliyotufaa. Moja lilikuwa na miaka kumi na minane, rangi ya chai iliyotiwa maziwa mengi, vioo vya kuzungusha kwa mkono. La pili lilikuwa na miaka sita, la fedha, na lilikuwa na skrini. Mama alisema atachukua lolote ambalo Mama Bisibisi atalitia sahihi.

Mimi nilitaka la fedha. Sababu yake ni ndogo, nami ninaona haya kuiandika. Wasichana wa darasa letu husimama kwenye lango la shule kila asubuhi wakitazama nani ameshuka kutoka wapi, na mimi sina maneno ya kuwajibu watu.

Ijumaa jioni mwosha magari aliliwasha la fedha ili alisogeze. Kwa sekunde tatu hivi lilitoa mlio kama kokoto ndani ya kopo, kisha likatulia. Nilikuwa nimesoma madaftari. Nilijua kwamba hiyo ni cheni ya ndani ya injini, kwamba hulegea oili isipobadilishwa kwa wakati, na kwamba hulia injini ikiwa baridi tu. Nilijua pia kwamba ikikatika gari huzimika popote lilipo.

Kesho yake mama alinitanguliza na funguo za mapokezi, yeye akimsubiri jirani aje kukaa na bibi. Mlinzi alinifungulia geti, akaenda nyuma kubadilisha nguo. Nikafanya nililolisema mwanzo, nikitumaini boneti itapoa kabla Mama Bisibisi hajafika na mlio ule hautasikika.

Mama Bisibisi alifika saa moja na nusu. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari la rangi ya chai, akaweka kiganja. Akaenda kwenye la fedha, akaweka kiganja, akakiacha hapo muda mrefu. Akatazama juu, akatazama pande zote, akanifikia mimi kwenye benchi na kitabu changu.

"Leo jua limewahi kwa gari moja tu," akasema.

Msimamizi alikasirika. Alidhani muuzaji wa gari hilo ameingizwa uwanjani alfajiri ili aipashe injini moto, akamgeukia mlinzi. "Nani kaingia humu?"

"Mkuu, muuzaji sijamwona. Nilikuwa nyuma nabadilisha nguo."

"Ukibadilisha nguo nani analinda? Hili nitaliandika, mzee. Na safari hii litakwenda juu."

Mlinzi alikuwa amebakiza miezi mitano ya kazi. Alinitupia jicho mara moja, kisha akatazama viatu vyake. Mimi nikageuza ukurasa wa kitabu changu. Ndipo Mama Bisibisi akasema, "Mwache mzee wa watu. Nimeliwasha mimi. Nilisahau."

Mafundi wakaangua kicheko, kama vile saa ya ukutani imekiri kwamba huwa inachelewa. Mkoba wake ulikuwa bado begani. Alikuwa ndiyo kwanza ameingia. Hakuna aliyeutazama mkoba.

Akafungua daftari, akaandika: "Injini ina moto. Nilisahau. Itarudiwa." Akatia sahihi. Jumapili, siku yake ya mapumziko, alikuja peke yake na bisibisi yake akalisikiliza gari likiwa baridi. Jumatatu akamwambia mama, "Mdogo wangu, chukua la zamani. Huyu wa fedha amenyimwa oili, ana kokoto kifuani. Huyu mwingine mmiliki wake alimtunza tangu siku ya kwanza, na mlango wake ni mpana, bibi hatakunja goti sana. Ila sitii sahihi mpaka wabadilishe mikanda ya usalama ya kiti cha nyuma na mipira yote ya maji."

Walibadilisha. Tulilichukua.

Kwangu hakusema neno lolote la kunikaripia. Siku tuliyokuja kulichukua aliniita, akanipa bisibisi, akanionyesha pa kuiweka. "Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Basi hicho ndicho ninachokisikiliza." Kisha akashusha sauti. "Binti, gari la kukuaibisha ni lile litakalokuacha njiani na bibi yako ndani. Hili halitakuaibisha."

Katika miaka miwili halijatuacha. Kioo kimoja kimegoma kupanda na mfereji wa moshi umebadilishwa, basi. Lakini kwa miaka hiyo miwili mafundi wamekuwa wakimtania kila asubuhi: "Mama, leo hujapasha?" Naye hucheka nao. Wiki iliyopita msimamizi alinipa orodha ya mambo ya kuandika. La nne lilisema: usisahau siku Mama Bisibisi alipovunja sheria yake mwenyewe, watu wacheke.

Sikuweza kuliandika hivyo. Hakuivunja. Katika miaka thelathini na mitatu hajawahi kuivunja hata mara moja, na ningependa kila atakayeshika karatasi hii alijue hilo kabla hajamshika mkono kumuaga.

Mama Bisibisi, karakana nzima inakushukuru kwa familia ambazo zimefika zilikokuwa zikienda bila kujua kwamba ni wewe uliyezifikisha. Tunakuombea asubuhi za kuamka polepole, magoti yasiyolia, na miaka mingi ya kukaa kiti cha mbele. Na mimi, kwa sauti yangu ndogo, ninakuomba radhi.

Nilipomaliza kuandika nilimpa mama asome kabla ya mtu mwingine. Alisoma mara mbili akiwa amesimama. Aliuliza swali moja tu: "Na mlinzi?" Tulienda nyumbani kwa mlinzi, ambaye sasa amestaafu, nikamwambia yote mlangoni. Alisema alijua, na kwamba Mama Bisibisi alimwomba aniachie nikue nalo. Kisha nilimpelekea msimamizi karatasi. Alisoma hadi mwisho, akakata jambo la nne kwenye orodha yake kwa kalamu, akanifungulia kabati la madaftari. Nilitafuta ile Jumamosi. Chini ya sahihi yake ilikuwapo mistari mitupu. Nikaandika: "Hakusahau. Niliyeliwasha ni mimi, binti wa karani." Nikaweka tarehe ya siku hiyo, nikatia sahihi, nikalirudisha daftari mahali pake.