Nahodha wa Elarif

Kwenye kivuko cha Katsepy, huko Madagaska, wanaume wawili mbele yangu walikuwa wakibishana kwa Kikomori, kwa sauti ya watu waliochoka kabla ya kuanza. Wamo katika ligi ya marafiki ya kwenye simu: kila mmoja huchagua wachezaji halisi wa Ulaya na kumteua mmoja nahodha, ambaye pointi zake huhesabiwa mara mbili; kila wiki wawili hupambana kwa pointi. Wiki hii wamepangwa wao kwa wao.

“Mweke benchi nahodha wako,” alisema Fazul, yule mkubwa. “Mimi nimefanya harusi kubwa, ile ya kumpa mtu cheo kwetu Komori, mji mzima umekula. Nitafungwaje na mtu ambaye hajafanya?”

Huyo nahodha, huko Ulaya, sidhani kama alipata mwaliko.

Elarif alipangusa uso. “Kaka, msikitini nakuachia safu ya mbele. Kwenye karamu nakuachia sinia la kwanza. Nikiwa na neno, nasubiri umalize lako. Niachie Jumamosi tu, siku ya mechi.”

“Watu wataona.”

“Ndiyo maana naitaka.”

Kivuko kikagusa mchanga. Elarif, kwa mazoea, akajisogeza kando ili mkubwa ashuke kwanza. Fazul hakuondoka, macho yake kwenye simu, na sisi wote wenye vikapu tukasubiri nyuma ya heshima yake.