Mama Ncha na Shuka la Watu Wawili

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kufulia cha hospitali yetu, Mama Ncha anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini ya mwezi wa sita. Kamati ya kuagana ilinitaka mimi, mpiga pasi, niandike wasifu wake, eti kwa kuwa nimefanya kazi ubavuni mwake kwa muda mrefu kuliko yeyote aliyebaki. Sikubishana. Nikikosea atanisahihisha mwenyewe, maana si mtu wa kuliacha kosa lipite.

Alianza kazi tukiloweka mashuka kwenye mabeseni ya zege na kuyakamua kwa mikono. Mashine zilipokuja hakuzishangilia. Alizitazama siku mbili, ya tatu akatangaza kwamba ile ya kushoto ina kiburi, na hadi leo fundi akiitwa huanza na ya kushoto. Jina lake alilipata kwa neno alilotuimbia kutwa: ncha. Ncha kwa ncha, ndipo shuka likae sawa na mgonjwa alale bila mkunjo mgongoni. Hata mganga mkuu aliwahi kurudishiwa koti lake kwa kulileta limekunjamana, akaambiwa alilete kama mtu mzima.

Shuka la wodi ni kubwa, hukunjwa na watu wawili. Mwenzake alikuwa Twiga, tuliyemwita hivyo kwa sababu alikuwa mfupi, hata rafu ya pili hakuifikia. Kila mmoja alishika ncha mbili, wakalinyoosha, wakaendeana, ncha zikakutana, wakaachana, wakaendeana tena. Miaka nenda rudi walikunja hivyo, huku wakizungumza habari za watoto, wakwe na magoti yao. Sisi wengine tulikuwa tumezoea, hata hatukutazama.

Miaka sita iliyopita binti yake Twiga alijifungua mapacha, mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Twiga akaenda kulea. Alituaga kwamba anakwenda kwa miezi mitatu. Mapacha sasa wanasoma shule. Mama Ncha alipigilia misumari miwili ukutani, akawa anatundika ncha mbili na kukunja na ukuta. Nilijitolea kumshikia, na wasichana wapya nao walijitolea. Alitushukuru kwa adabu zote, akarudi kwenye ukuta wake.

Mwaka jana, ilipojulikana kwamba chumba chetu kitafungwa na kazi kuhamia jengo jipya, uongozi ulikaribisha kikundi cha waigizaji wakiage kwa mchezo. Hawakutaka jukwaa, wala hawakuja na maandishi. Walitaka mchezo uzaliwe humo humo, kati ya matoroli na mvuke, na watazamaji wasimame tunaposimama sisi. Kila alasiri, mashine zikizimwa, walijaribu hili na lile. Mmoja alikuwa toroli lenye gurudumu bovu. Mwingine alikuwa mashine ya kushoto, na kiburi chake alikipata barabara.

Walichora alama za chaki sakafuni ili kila mmoja ajue pa kusimama. Asubuhi Mama Ncha akapiga deki kama kawaida. Walirundika mashuka yakawa mlima ambao mchezo ungeanzia juu yake. Waliporudi waliukuta mlima umefuliwa, umekunjwa, umepangwa kabatini. Mwongozaji alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akauliza kazi ile nzuri ni ya nani. Ndivyo alivyopata habari za Mama Ncha na Twiga, akaamua mchezo uishie kwa wanawake wawili na shuka moja.

Waigizaji wawili wa kike wakajifunza hatua zote. Mama Ncha alitazama, akasema wanalivuta. Wakarudia, akasema bado. Lililokosekana hakuweza kulieleza, na alipoombwa ashike upande mmoja alikataa, akasema mikono yake imeshazoea ukuta. Kadi za mwaliko zikagawiwa, mchezo ukiwa hauna mwisho.

Alasiri moja nilimpigia Twiga, nikaiweka simu kwenye meza ya pasi, sauti wazi, nikamweleza tulipokwama. Alicheka kile kicheko chake cha puani, na Mama Ncha, aliyekuwa akitoka, akasimama mlangoni. Twiga akaomba kusema na yule mwigizaji mdogo, aliyeshika nafasi yake.

"Mwanangu, usimtazame mikono," alimwambia. "Mtazame kifua. Akivuta pumzi, nenda."

Binti akashika ncha mbili, akangoja. Mama Ncha alibaki pale mlangoni kitambo, kisha akaja, akashika mbili zilizobaki, akavuta pumzi. Wakaendeana, wakaachana, wakaendeana, na shuka likakaa ncha kwa ncha.

"Amefanya vizuri," Mama Ncha aliiambia simu. "Ila si wewe."

"Najua," Twiga akajibu. "Mimi huku natundika kwenye kitasa cha mlango."

Mama Ncha alilipeleka shuka kabatini, akakawia huko. Aliporudi, ndiye aliyempa mwongozaji mwisho wa mchezo. Atokee yeye mwenyewe, alikunjue shuka, ashike ncha mbili, na mbili zibaki sakafuni. Mwigizaji asiziguse. Mtazamaji akipenda, aokote. Mwongozaji aliuliza itakuwaje asipotokea mtu. Akaambiwa basi watangoja, yeye anajua kungoja.

Jioni ya kwanza tulingoja kweli. Bomba lilidondosha maji, watu wakatazama viatu vyao. Mwishowe akajitokeza mzee mmoja aliyekuja kumwona mkewe wodini na kufuata tu umati. Alivuta kama anayefunga mzigo, akakanyaga pindo, na shuka likatoka limepinda. Mama Ncha hakumsahihisha. Alimshukuru, akaliweka kabatini vile vile lilivyo. Asubuhi yake niliikuta misumari imeng'olewa ukutani, naye akaninyooshea ncha mbili.

Kamati ilimuuliza anataka zawadi gani. Tulishafikiria saa ya ukutani. Yeye akaomba shuka moja la wodi, lenye muhuri wetu. Jumamosi asubuhi anapanda basi. Jengo jipya lina mashine inayokunja yenyewe. Nimekwenda kuiona, inafanya kazi safi, sina la kuilaumu. Nitamkosa sana, basi.

Mama Ncha, asante kwa kila kitanda kilichotandikwa sawa. Ukifika wasalimie mapacha, kisha, kabla hata hujavua viatu, likunjue shuka na umpe Twiga ncha zake. Tunakutakia uzee mwema, wenye mtu wa kushika upande wa pili.