Goti Nililotangaza Kuwa Limepona

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wenye magoti mazima, na asifiwe na sisi ambao tukisimama, goti hulia kabla mdomo haujasema amina!

Mnanijua. Mimi ni Kadzo, muuza leso. Nilizaliwa Jilore, lakini tangu nimalize kidato cha nne sijatulia mahali pamoja. Nimekaanga samaki Takaungu, nimevuna mananasi Magarini, nimepika katika nyumba za wageni, na kila nilipofika nilianza kukumbuka nilikotoka. Nikiwa Magarini natamani vichochoro vya Takaungu. Nikirudi Takaungu, nakumbuka harufu ya udongo wa kwetu mvua inapoanza. Ndipo nikachagua kazi ya miguu: furushi la leso kichwani, kijiji hadi kijiji. Sikuwa na mume wala nyumba yangu, lakini nilikuwa na njia, na njia ilinitosha.

Kisha goti langu la kulia likaanza. Asubuhi lilikuwa gumu kama mlango uliovimba kwa mvua. Nikilikunja, nasikia kitu kinasaga ndani. Nikanunua bakora. Nilipokwenda kupimwa, daktari alitazama picha akaniambia kwamba gegedu, ile nyama ngumu inayozuia mifupa isisuguane, imelika. Nilidhani ataniambia habari ya kupasuliwa. Hakusema hivyo. Alisema tuanze na sindano ya kutuliza uvimbe, nipunguze uzito, na nifanye mazoezi ya mguu. Sindano nikadungwa. Hayo mengine niliyaacha palepale mlangoni. Mimi ninayetembea kutwa, nikafanye mazoezi gani tena?

Wiki iliyofuata tukawa na mkutano wa injili uwanjani. Mhubiri mgeni akaita wagonjwa mbele. Nikakanyaga kwa mguu ule: hakuna maumivu! Sindano ilikuwa imeanza kazi yake, lakini saa ile, ndugu zangu, sikuikumbuka hata kidogo. Nilitupa bakora, nikacheza! Mama Riziki wa kwaya alinifunga leso kiunoni akipiga kelele, "Cheza, Kadzo! Shetani akuone vizuri!" Jumapili yake nikasimama hapahapa nikatangaza kwamba nimepona kabisa, na bakora yangu ikatundikwa ukutani pamoja na za wenzangu, kama desturi yetu. Na mnaijua desturi yetu ilivyo. Aliyetundika bakora harudi kuishika. Akirudi kuishika, tunanong'onezana kwamba amepoteza uponyaji wake.

Miezi haikupita mingi, maumivu yakarudi. Yakarudi na ndugu zao!

Ningefanya nini? Nikaanza kuficha. Nilikuja kanisani mapema kabla yenu ili msinione nikipanda ngazi, na nilitoka wa mwisho. Wakati wa kupiga magoti nilijifanya nalea mtoto wa jirani. Kwa daktari sikurudi, maana pale kliniki sikosi kukutana na mshirika. Nikawa nanunua vidonge vya maumivu dukani na kuvimeza bila hesabu, hata tumbo likawaka moto. Kazi nikaiacha. Nikakaa ndani, kwa kuamini kwamba mguu unaouma unatakiwa kupumzishwa tu. Mama Riziki akasikia nina malaria (hivyo ndivyo nilivyomwambia), basi akawa ananiletea mahamri na wali wa nazi kila siku. Mungu ambariki, lakini nilinenepa, na goti likapata mzigo zaidi.

Sasa sikilizeni siku iliyonivunja. Mama yangu anaishi Jilore, ng'ambo ya korongo. Pikipiki inaishia ukingoni. Kutoka hapo unashuka kwa miguu, unapanda upande wa pili, hakuna njia nyingine ya karibu. Mama ni mzee, korongo halivuki tena. Kwa hiyo kuonana kwetu kulitegemea miguu yangu peke yake, na zaidi ya mwaka ulikuwa umepita. Siku hiyo nilimeza vidonge, nikapanda pikipiki, nikafika ukingoni. Nikashuka hatua tatu. Goti likakataa. Nikaketi chini kama gunia.

Nilikuwa nimemtumia Mama habari, naye alikuwa amekuja kunipokea upande wa pili. Tulikuwa tunaonana! Akapaza sauti, "Kadzo! Umesahau njia ya kwenu?"

Nikamjibu, "Nimechoka tu, mayo! Napumzika!"

"Pumzika basi! Nimepika!"

Akakaa chini akanisubiri. Nikajaribu tena, nikashindwa. Jua likasogea. Mwishowe akasimama akasema, "Basi, mwanangu, nimekuona. Rudi salama." Akageuka akaenda na kisufuria chake.

Ndugu zangu, nililia pale kama mtoto. Nikamwambia Bwana: nimetumia jina lako kufunika uongo, na uongo huu utanizuia kumfikia mama yangu mpaka azikwe. Sikusikia sauti wala sikuona mwanga. Lakini hofu ya macho ya watu ilinitoka palepale, kama mtu aliyetua furushi. Huo ndio uliokuwa ukombozi wangu! Goti bado lilikuwa linauma vilevile, lakini mimi nilikuwa nimefunguliwa!

Asubuhi yake nikaenda hospitali mchana kweupe. Nikaelekezwa kwa mama mmoja wa mazoezi ya viungo, tumwite Bi Zuhura, mwenye buibui na ulimi mkali. Nilikuwa nimenunua bakora nyingine njiani. Aliponiona naingia akacheka.

"Ewe mwenzangu, goti bovu ni lipi?"

"La kulia, bibi."

"Na bakora umeishika mkono gani?"

"Wa kulia."

"Basi unamsaidia nani? Hamisha! Mkono wa upande wa mguu mzima."

Nikahamisha, nikapiga hatua, na mzigo ukapungua hapohapo! Muda wote ule nilikuwa naishika vibaya!

Bi Zuhura alinifundisha kuketi kitini na kunyoosha mguu mbele, niushikilie hewani mpaka kumi, niushushe polepole. Kisha kuinuka kitini bila kushika kitu. Wiki ya kwanza nilimwambia panauma. Akasema, "Kuuma kidogo tutavumiliana. Kukivimba, tutapunguza. Lakini kulala ndani, hapana! Misuli ya paja ikilegea, goti linabeba kila kitu peke yake." Daktari akaniachisha vile vidonge, akanipa dawa ya kupaka. Jioni nakanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Nikatembea kidogo kidogo, kwanza mpaka kisimani, halafu mpaka sokoni. Mahamri nikamrudishia Mama Riziki, na sababu nikamweleza. Alinuna siku mbili.

Haikuwa kazi ya wiki moja. Zilikuwepo siku za kukata tamaa, na nilikuwa naomba huku mguu uko hewani: Bwana, nne, Bwana, tano! Lakini mwezi uliopita nilisimama tena ukingoni mwa lile korongo. Nikashuka polepole. Nikapanda polepole. Mama alikuwa shambani, hakujua kama nakuja. Aliinua kichwa, jembe likamponyoka. "Nani amekuvusha?" Nikamwambia, "Nimevuka mwenyewe, mayo!" Akanishika hilo goti kwa mikono miwili yenye udongo, akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio wakidhani kuna harusi. Nililala kwake siku nne. Haleluya!

Wiki hii nilikwenda kwa mchungaji, nikamwambia kwamba ushuhuda wangu wa kwanza haukuwa sawa. Halafu, na amenipa ruhusa niseme, akainua mguu wa suruali akanionyesha bandeji ya goti lake. "Dada Kadzo," akasema, "kasimame Jumapili."

Basi nimesimama. Sijapona kama nilivyotangaza. Gegedu iliyolika haijarudi, na siku za baridi goti hunikumbusha. Lakini natembea! Nauza leso zangu tena! Namshukuru Mungu aliyeniponya hofu, na namshukuru kwa daktari na kwa mikono ya Bi Zuhura. Mtumaini Bwana, ndugu yangu, kiasi cha kumwambia ukweli. Nenda ukapimwe, maana goti lako si langu, na dawa yangu huenda isikufae.

Na wewe mama uliyekaa nyuma karibu na mlango, uliyefika leo kabla yetu sote, sikutaji jina. Baada ya ibada nitapanga viti pale nje, kivulini. Njoo uketi nami. Nitahesabu mimi.